Ndege wa Msimu na Haki ya Mwenye Kupita

Swali limeletwa katika darasa letu, na kwa kuwa tumeona lawahusu watu wengi wa miji yetu ya pwani, tumeonelea tulijibu hapa kwa maandishi, ili kila mwenye akili alipime mwenyewe. Swali lenyewe ni hili: Je, vijana wanaokwenda hori ya Mida, karibu na Watamu, kutazama ndege na kuwahisabu, wanafanya jambo lenye maana, au wanapoteza umri ambao kesho wataulizwa wameutumia katika nini? Na mwenye kuuliza ameongeza swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi: Je, sisi wenyeji tunadaiwa nini na kiumbe ambaye hakuzaliwa kwetu, hatumfugi wala hatumuuzi, na baada ya miezi michache huondoka akenda zake?

Wapo waliocheka waliposikia maswali haya. Wakasema: Miji yetu ina vijana wasio na kazi, ina madawa ya kulevya, ina viwanja vinavyouzwa usiku na mchana, nanyi mwakaa kuzungumza habari za vitwitwi! Tunaijua hoja hii wala hatuidharau. Lakini twawaomba ndugu zetu wastahimili kidogo, kwani mara nyingi jambo dogo ndilo linaloonyesha maradhi makubwa, kama vile tabibu anavyoshika mkono wa mgonjwa ili ajue hali ya moyo wake.

Wanazuoni wametufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukijua kitu hicho. Basi kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo.

Hori ya Mida ni ghuba ya maji ya chumvi iliyoingia bara nyuma ya Watamu, si mbali na magofu ya mji wa kale wa Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Eneo lake ni kilomita za mraba 32 hivi. Pembezoni mwake imezungukwa na mikoko ya kila aina: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia na mlilana. Katikati ni mchanga na matope ambayo maji yakijaa hufunikwa yote, na yakipwa huwa uwanja mpana. Mwaka 1968 serikali iliitangaza bahari ya Watamu kuwa hifadhi. Sehemu moja ilifungwa kabisa kwa uvuvi, na sehemu nyingine, ambayo hori ya Mida imo ndani yake, iliachwa kwa wavuvi wa kienyeji kwa masharti. Mwaka 1979 UNESCO ikaitia Malindi na Watamu katika orodha ya hifadhi zake za dunia.

Kuanzia Agosti huanza kufika hapo ndege wa matopeni kutoka kaskazini. Huja sululu mwenye mdomo uliopinda kama upanga, huja vitwitwi wa namna nyingi, na wengine ambao sisi huwaita kwa jina moja tu la vindege. Hukaa miezi ya kaskazi yote, na kufikia Aprili, karibu na wakati kusi inapoanza kuvuma, wengi wao huwa wameondoka. Mmoja katika vitwitwi hao, mwenye mdomo uliopinda kidogo, uzito wake ni gramu 60 hivi, nao huzaliana katika nchi za barafu za Siberia, kule juu kabisa ya Urusi. Wazazi hutangulia kuondoka, na watoto, waliozaliwa miezi michache tu kabla, hufuata nyuma peke yao. Hawana rubani wala dira, na njia hiyo hawajapata kuipita. Hata hivyo hufika. Mwenye kuliona jambo hili asitulie kidogo kufikiri, basi moyo wake una kutu.

Na yuko mwingine ambaye watu wa pwani wangepaswa kumjua kuliko wote: ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Yeye hatoki Siberia. Huzaliana katika visiwa na pwani za mchanga za Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Sham na Somalia. Huchimba shimo refu mchangani, akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kulilea. Kisha huja kukaa kwetu, na pale Mida huonekana kwa mamia. Njia yake ni njia ya majahazi ya babu zetu, yaliyokuwa yakiteremka na kaskazi na tende na chumvi, yakapanda na kusi na boriti za mikoko hiyo hiyo. Majahazi yamekwisha. Biashara ya kupeleka boriti ng'ambo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 1982. Katika wasafiri wa njia hiyo ya kale, ndege huyu angali akisafiri.

Sasa tuangalie wanavyoishi wakiwa kwetu, kwani hapa ndipo hukumu yetu itakapopata msingi. Ndege hawa hawaendi kwa saa ya jua, huenda kwa maji, na maji huenda kwa mwezi. Maji yakipwa hutawanyika matopeni wakala minyoo, kombe wadogo na kaa, iwe mchana au usiku. Maji yakijaa hawana pa kula, hujikusanya mahali pakavu wakapumzika mpaka yapwe tena. Siku za bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mahali pakavu huwa padogo mno. Na katika miezi ya mwisho, kabla ya kuondoka, ndege hula kwa bidii ili waweke mafuta mwilini, kwa sababu mafuta hayo ndiyo akiba yao ya njiani. Mwenye kuwafurusha wakiwa wamepumzika, kwa mchezo tu au kwa kutaka kupiga picha ya karibu, huwafanya waruke bure na kuitumia akiba hiyo. Mara moja si kitu. Lakini akifurusha huyu asubuhi na yule jioni, ndege huondoka na akiba pungufu, na atakapopungukiwa njiani hapana wa kumkopesha.

Hii ndiyo picha. Tuje kwenye hoja.

Hoja ya kwanza husema kwamba kutazama ndege ni upuuzi, na Mwislamu ameamrishwa ajiepushe na upuuzi. Twasema: Ni kweli ameamrishwa. Lakini upuuzi una alama zake. Upuuzi humsahaulisha mtu wajibu wake, humwacha na akili ile ile aliyokwenda nayo au pungufu, na mara nyingi humdhuru yeye au mwenzake. Kijana aliyekaa barazani tangu alasiri mpaka usiku akishindana juu ya timu za mpira za Uingereza, ambazo hata wachezaji wake hawajui kama yuko duniani, hatumsikii akiambiwa kuwa anapoteza umri. Lakini akienda Mida saa mbili akarudi akijua kitu ambacho hakukijua, hapo watu huuliza faida. Insafu i wapi?

Tena tukumbuke kisa cha Nabii Suleiman na hudhudi, kilichomo katika sura ya An-Naml, ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia. Watu hukitaja kwa ajili ya ufalme wake na malkia wa Sabaa, na hupita mbio mahali kisa kinapoanzia. Huanzia kwa Nabii huyo kuwakagua ndege na kugundua kwamba mmoja hayupo. Mfalme mwenye majeshi ya watu na majini aliona pengo la ndege mmoja! Hakuona kuwa ni kazi ya chini ya hadhi yake. Na hudhudi aliporudi na habari, Nabii hakuikubali papo hapo wala hakuikataa. Alisema ataiangalia kama ni ya kweli.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili ambayo ndiyo roho ya kazi ya kuhisabu ndege: kumkumbuka asiyekuwapo, na kuipima habari kabla ya kuisadiki. Kila Januari, katika nchi nyingi za dunia, watu hutoka kuwahisabu ndege wa majini kwa siku zilizopangwa, na Kenya ni miongoni mwao. Mwenye kuhisabu hutakiwa aandike alichokiona wala asizidishe. Akiwa hakuhakikisha aina ya ndege, haandiki kwa kukisia. Akiona mia mbili, hasemi elfu ili kuwafurahisha wenziwe. Nasi watu wa pwani twajua vizuri thamani ya ushahidi wa jicho. Mara ngapi miji yetu imegawanyika usiku wa kuandama mwezi, huyu akisema ameuona na yule akisema haukuonekana, na wengine wakashuhudia waliyoyasikia kana kwamba wameyaona? Kijana aliyezoea kusema "sikuhakikisha" juu ya kitwitwi, twataraji hatathubutu kusema "nimeona" juu ya mwezi, wala juu ya jirani yake, ila akiwa ameona kweli. Ulimi hufundishwa uaminifu katika mambo madogo, ili uwe nao katika makubwa.

Hoja ya pili husema kuwa haya ni mambo ya Wazungu, nao hutujia na darubini zao na kofia zao kila mwaka kama ndege wenyewe. Twasema: Mwenye kusema hivi hajui historia yake. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama na ndege, na Al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, akaandika kamusi nzima ya viumbe kwa mpango wa herufi. Na karibu na zama zetu alikuwako Sálim Ali wa Bombay, Mwislamu ambaye mlango wake wa elimu ulifunguliwa kwa swali la fiqhi. Alipokuwa mtoto alimpiga shomoro kwa bunduki yake ndogo, akaona ndege huyo ana doa la manjano kooni. Akaingia shaka: Je, huyu ni halali kumla? Akampeleka kwa mjomba wake, na mjomba akampeleka, mwaka 1908, kwa jumuiya ya wataalamu wa viumbe mjini humo. Huko akaonyeshwa hazina ya ndege waliohifadhiwa, na tangu siku hiyo hakuacha kujifunza. Mwaka 1941 alitoa kitabu chake cha ndege wa Bara Hindi, na mpaka alipofariki mwaka 1987 alikuwa ametetea mabwawa na misitu mingi ya nchi yake. Mtoto mwingine angalimtupa shomoro yule na shaka akaisahau. Yeye aliuliza, na shaka ya halali na haramu ikazaa elimu.

Wala hatuna haja ya kwenda Basra na Bombay. Lugha yetu wenyewe yatusuta. Sululu, kitwitwi, yangeyange, mnandi, heroe, shakwe, membe: nani aliyeyatunga majina haya? Hapana awezaye kutofautisha ndege kwa jina asipokuwa amewatofautisha kwanza kwa jicho. Basi wazee wetu walitazama, na walitazama sana. Wavuvi walijua ndege gani anaruka juu ya samaki gani, na nahodha alijua ndege gani humwambia kuwa nchi kavu iko karibu. Aliyeacha kutazama ni sisi. Mzungu hakutunyang'anya jambo hili, tulilitupa wenyewe, na sasa twamwona ameliokota twasema ni lake.

Na katika hili tuseme kweli hata kama inatuuma. Pale Mida ipo njia ya mbao inayopita juu ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege, na ada ya wageni wanaoipita husaidia kulipa karo za watoto wa shule za sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu na hori. Mpango huo ulianza mwaka 2001, na walioubuni ni A Rocha, jumuiya ya Kikristo. Watoto wetu ni miongoni mwa majirani wa hori hiyo. Hatusemi hivi kwa husuda. Twawashukuru wenye kufanya wema. Twauliza tu: misikiti yetu iliyo jirani na mikoko hiyo ilikuwa wapi?

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na mwenye kuipuuza si mwadilifu. Husema hivi: Hifadhi zimetengwa kwa ajili ya wageni. Baba zetu walivua hapa bila kuulizwa, leo mvuvi huulizwa. Ardhi ya pwani imeingia mikononi mwa wenye mahoteli na wenye hati, na mwenyeji wa tangu na tangu akabaki maskwota. Ndege ana wa kumtetea, mwanadamu hana. Basi mwatutaka tumwonee huruma kitwitwi?

Twajibu: Malalamiko hayo mengi ni ya kweli, na dhuluma ya ardhi katika pwani yetu ni jambo linalotaka makala yake peke yake. Lakini tutazame kosa liko wapi. Liko kwa aliyemtoa mwanadamu katika hesabu, na halikufanywa na ndege. Mwenye njaa akimwona mwenziwe amepewa sahani, dawa yake si kuimwaga sahani. Na tena, ndege na mvuvi hawana maslahi mawili yanayopigana. Matope yanayomlisha sululu ndiyo yanayolea kamba na kaa. Mizizi ya mkoko anaojipumzishia yangeyange ndiyo inayoficha samaki wachanga kabla hawajatoka kwenda miambani. Aliyekata mikoko akaifanya tanuri za chokaa na nguzo za nyumba bila kupanda mwingine amemwibia mvuvi kabla ya kumwibia ndege. Ndege huonekana mapema kwa kuwa yuko juu ya matope, na samaki yuko chini ya maji hatumwoni. Wakipungua ndege, mwenye hekima huuliza kilichopungua chini.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba mwenyeji ndiye mwenye haja zaidi ya kuhisabu kuliko mgeni. Mgeni akikosa ndege Mida atapanda ndege ya chuma aende kwingine. Mwenyeji hana kwingine. Na siku atakaposimama mbele ya wakubwa kudai haki yake juu ya hori, au kupinga mtu anayetaka kuifukia ajenge, atakuwa na nini mkononi? Akija na kilio peke yake watamwambia kuwa kilio si dalili. Akija na daftari la miaka kumi, lenye tarehe, idadi na majina, lililoandikwa na watoto wa kijiji, hapo itabidi wamsikilize.

Sasa tumefika kwenye swali la pili: tunadaiwa nini na mwenye kupita?

Watu wengi wana mizani ya haki inayopima yaliyo karibu tu. Jirani ana haki, jamaa ana haki, mteja ana haki. Lakini anayepita na asirudi hudhaniwa hana. Sheria yetu haikukubali mizani hiyo. Imemwekea mpita njia, ibnu-s-sabil, fungu katika zaka, ingawa hajulikani anatoka wapi wala hatalipa fadhila. Fungu hilo lawekwa kwa sababu ya hali yake: amekatikiwa na safari, na akiba yake iko mbali. Hatudai kwamba ndege anastahili zaka. Twasema kwamba maana iliyomo katika hukumu ile yapaswa kutufundisha kuona. Udhaifu wa msafiri ni kwamba yumo mikononi mwa watu wasiomjua, katika kila kituo anachoshukia.

Na ndege wa msimu ni msafiri kuliko wote. Maisha yake hayako mahali pamoja, yametawanyika katika vituo kama shanga katika uzi. Huzaliwa huku, hupumzika kule, hukaa kwetu. Kila kituo huweza kusema kwa haki: "Hapa si kwake, hapa hupita tu." Na vituo vyote vikisema hivyo, ndege hana kwake duniani. Mwaka 2006 nchi ya Korea Kusini ilikamilisha ukuta wa bahari wa kilomita 33 mahali paitwapo Saemangeum, na uwanja mkubwa wa matope ukafungwa. Hapo palikuwa kituo cha ndege mmoja wa jamaa ya kitwitwi, mkubwa kidogo, ambaye makao yake ya msimu ni Australia. Wataalamu walitumaini kuwa atahamia matope ya jirani. Hakuhamia. Walipohisabu huko Australia, maelfu ya maili kutoka ukutani, waliona pengo. Waaustralia hawakufukia chochote, lakini ndege wao wamepungua, kwa kuwa hawakuwa wao peke yao.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, nao umetokea katika nchi ya Waislamu na kwa jamaa wa sululu wetu. Alikuwako sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyezaliana Siberia na kukaa msimu wa baridi katika nchi za Bahari ya Kati. Mara ya mwisho kuonekana kwa hakika ilikuwa mwaka 1995, katika ziwa la maji ya chumvi la Merja Zerga, pwani ya Moroko. Watu walimtafuta miaka mingi, wasimwone. Mwaka 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi lilitangaza rasmi kuwa ametoweka duniani. Tuulize sasa: nani aliyemwua? Yule aliyekausha bwawa moja ili alime atasema, "Mimi nilikausha moja tu." Aliyepiga risasi atasema, "Mimi niliwapiga wachache, na nyama yao ni halali." Aliyelima mbuga za Siberia atasema hakupata hata kumwona. Wote wanasema kweli. Na ndege hayupo.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo kwa ajili yake tumeandika maneno haya yote. Tumezoea dhambi yenye mwenyewe: mwizi fulani, mwongo fulani, mla riba fulani. Lakini zipo dhuluma ambazo zimegawanywa kwa watu wengi mpaka kila mmoja akaona fungu lake ni jepesi, na kwa kuwa ni jepesi hakutubia, na kwa kuwa hakutubia aliendelea. Hivyo ndivyo mikoko inavyokwisha, na hivyo ndivyo mji unavyochafuka, kwa kila mmoja kutupa taka mbele ya nyumba yake tu. Hivyo pia ndivyo lugha inavyokufa, na ndivyo mayatima wanavyokosa wa kuwalea katika mji wenye matajiri mia, kila tajiri akidhani tisini na tisa wenziwe wametoa. Ndege wa msimu ni mfano ulio wazi, kwani yeye hutuonyesha mwisho wa hesabu hiyo: fungu dogo la kila mmoja, likijumlishwa, ni kiumbe kizima kisichorudi.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili wenye matumaini. Ikiwa dhuluma imegawanyika, wajibu nao umegawanyika. Hatukukalifishwa kuilinda Siberia, wala hatutaulizwa juu ya ukuta wa Korea. Fungu letu ni Mida, ni mlango wa mto Sabaki, ni matope ya Lamu na Kiunga, ni mdomo wa Tana, ambao tangu mwaka 2012 umo katika orodha ya mkataba wa Ramsar. Mkataba huo wa kulinda nchi za majimaji ulitiwa sahihi mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Fungu letu ni dogo, nalo ni letu. Mwenye kutimiza fungu lake amesalimika, hata kama wengine hawakutimiza.

Huenda mtu akasema kwamba tunaharamisha alichohalalisha Mungu. La, hasha. Kuwinda kwa haja ni halali, na mikoko iliumbwa tuitumie. Tunalosema ni kwamba kuua kwa mchezo, kufurusha kwa kiburi na kukata bila kupanda si matumizi, ni israfu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona ndege akihangaika juu ya watu kwa kuwa vifaranga vyake vimechukuliwa, akaamuru virejeshwe. Aliyeona huzuni ya ndege katikati ya safari na mashaka yake, alituachia mfano hatuna udhuru wa kuuacha.

Basi haya ndiyo majibu yetu kwa ufupi. Kutazama ndege hakuwi upuuzi kwa mwenye kutazama kwa adabu na kujifunza. Adabu yake ni ile ile tuliyofundishwa katika milango ya watu: usiingie bila idhini, usichungulie, na ukiona mwenyeji ameghadhibika, rudi. Anayemkimbilia ndege ili apate picha amevunja adabu hiyo, hata kama jina lake ni mpenda ndege.

Na nasaha zetu ni hizi. Walimu wa madrasa wawapeleke wanafunzi ufuoni walau mara mbili kwa mwaka, mara moja msimu wa kaskazi na mara moja msimu wa kusi, wakaone nani yuko na nani hayupo. Wazee wenye majina ya ndege, samaki na miti vifuani mwao wayaandikishe kabla hawajaondoka nayo. Wenye mashua wasiyapitie makundi yaliyopumzika maji yakijaa. Wakataji mikoko wafuate idhini na wapande. Na vijana waanzishe daftari, waandike tarehe, maji, idadi na jina, na mahali wasipohakikisha waandike kwamba hawakuhakikisha.

Haya si mambo ya gharama. Yataka macho, kalamu na uaminifu, na hivyo vyote tumepewa bure. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuona tuliyokuwa tukiyapita, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza fungu lao. Amin.